Likizo ya ukanda wa joto kwa njia ya nchi kavu: maswali na majibu kuhusu afya

Anayesafiri kwa ndege hukaguliwa akishuka, basi. Anayesafiri kwa basi, treni au gari lake hukaguliwa kila anapotoka nchi moja na kila anapoingia nyingine, na katikati ya hapo hulala, hula na huumwa na mbu katika miji ambayo haikuwemo hata kwenye mpango wa likizo. Kwa hiyo kabla ya kununua tiketi au dawa, chukua karatasi uandike nchi zote utakazopita, kwa mpangilio wa kuzipita, pamoja na tarehe. Nenda na karatasi hiyo kliniki. Sehemu kubwa ya majibu haya inaitegemea.

Nianze kujiandaa lini?

Wiki 4 hadi 8 kabla ya kuondoka. Baadhi ya chanjo hutolewa kwa dozi zaidi ya moja, na chanjo ya homa ya manjano haihesabiki kisheria mpaka siku 10 zipite tangu uchomwe. Tena chanjo zenye virusi hai, kama hiyo na ya surua, hutolewa siku moja au hupishana kwa angalau wiki 4. Ukichelewa kuchoma moja, nyingine inaweza kukukuta umeshaondoka.

Umebakiza siku chache? Nenda kliniki vilevile. Utakosa baadhi ya chanjo, lakini dawa za malaria na ushauri hazihitaji wiki 4.

Nchi ninayokwenda kupumzika haina homa ya manjano. Mbona nadaiwa cheti?

Kwa sababu ofisa wa mpakani anataka kujua umetoka wapi. Nchi ambazo hazina ugonjwa huu lakini zina mbu wa kuueneza huogopa msafiri atakayeuingiza. Homa ya manjano ipo katika sehemu za Afrika na za Amerika ya Kusini na ya Kati. Asia haijaenea, ila nchi nyingi za Asia hudai cheti kwa anayetokea maeneo hayo.

Hapa ndipo njia ya nchi kavu inapowanasa watu. Ukiingia nchi yenye homa ya manjano kwa siku 2 tu ili kufupisha safari, umeshakuwa msafiri aliyetoka eneo la hatari, na nchi inayofuata ina haki ya kukudai cheti ambacho usingedaiwa kama ungezunguka. Wapo wanaopitia nchi hizo hizo lakini kwa mpangilio tofauti na hawadaiwi kitu. Angalia masharti ya kila nchi kwa kuzingatia nchi inayoitangulia kwenye karatasi yako, na usisahau safari ya kurudi.

Kuchanjwa mpakani ili upite hakutatui jambo. Cheti cha leo kitaanza kutambulika baada ya siku 10. Cheti cha kununua bila sindano ndicho kibaya zaidi, maana kinakupitisha getini na kukupeleka bila kinga mahali penye ugonjwa wenyewe.

Kadi yangu ya manjano imeandikwa kwamba muda wake ni miaka 10 na umekwisha. Nichanjwe tena?

Kwa kuvuka mpaka, hapana. Tangu tarehe 11 Julai 2016, Kanuni za Afya za Kimataifa zinatambua cheti cha homa ya manjano kwa maisha yote ya aliyechanjwa, zikiwemo kadi za zamani zenye tarehe ya mwisho. Hiyo tarehe usiifute wala kuiandika upya, kwa sababu kadi iliyochakachuliwa inaweza kukataliwa.

Ikague kadi yako leo badala ya kungoja foleni ya mpakani. Jina lifanane na la pasipoti, herufi kwa herufi. Tarehe ya chanjo iandikwe siku kwa tarakimu, mwezi kwa maneno, kisha mwaka, ili isisomwe kinyume na mtu wa nchi nyingine. Pawe na namba ya toleo la chanjo, sahihi ya mhudumu kwa mkono wake, na muhuri wa kituo kilichoidhinishwa. Muhuri peke yake hautoshi badala ya sahihi. Kila mtu awe na kadi yake, mtoto pia; mzazi humtilia sahihi. Ipige picha uihifadhi kwenye simu, ingawa ofisa atataka kuiona kadi yenyewe.

Mimi ni mjamzito, na nina mtoto wa miezi 7. Tutapitaje?

Chanjo hii kwa kawaida huanza kutolewa mtoto akiwa na miezi 9. Chini ya miezi 6 haitolewi kabisa, na kati ya miezi 6 na 8 hufikiriwa tu kukiwa na hatari kubwa kama mlipuko. Kwa mjamzito, na kwa mama anayenyonyesha mtoto mchanga, daktari hupima hatari ya ugonjwa dhidi ya hatari ya chanjo. Mwenye umri wa miaka 60 au zaidi anayechanjwa kwa mara ya kwanza naye hupimwa hivyo. Mwenye mzio mkali wa mayai, au ambaye kinga yake ya mwili imeshuka sana, hachanjwi.

Asiyeweza kuchanjwa kwa sababu za kiafya huandikiwa barua ya daktari yenye sahihi na muhuri, ikieleza sababu. Maofisa wanatakiwa kuizingatia, lakini barua si kinga: wanaweza kukufuatilia au kukuweka karantini kwa siku zisizozidi 6, ambazo ndizo muda wa ugonjwa kujitokeza. Na kama njia inapita penye malaria, kwa mjamzito maoni yangu ni mafupi: likizo inayoweza kuahirishwa iahirishwe. Malaria katika ujauzito ni hatari kwa mama na kwa mtoto.

Chanjo nyingine?

Hakikisha zile za kawaida zimekamilika: surua, polio, pepopunda. Kwa ukanda wa joto huongezwa mara nyingi homa ya ini A na homa ya matumbo. Ukipita katika ukanda wa Afrika unaoanzia Senegal hadi Ethiopia wakati wa kiangazi, ongeza ya homa ya uti wa mgongo. Nchi zenye maambukizi ya polio zinaweza kumtaka aliyekaa humo zaidi ya wiki 4 aonyeshe uthibitisho wa chanjo ya polio wakati wa kutoka. Ndiyo, wakati wa kutoka. Wengi huja na majibu ya kuingia peke yake.

Nilikulia penye malaria. Bado nahitaji dawa za kuzuia?

Ukiwa umeishi kwa miaka mahali pasipo na malaria, ndiyo. Ile kinga ya utotoni hufifia mwili usipoambukizwa mara kwa mara, na wanaorudi kutembelea ndugu ni miongoni mwa wasafiri wanaougua zaidi, kwa sababu ya kujiamini huko huko. Watoto waliozaliwa ugenini hawajawahi kuwa nayo hata kidogo.

Dawa zinazotumika sana ni tatu. Atovakwoni-proguanili humezwa kila siku, kuanzia siku 1 au 2 kabla ya kuingia eneo la malaria hadi siku 7 baada ya kutoka. Doksisaiklini nayo ni ya kila siku na huanza vivyo hivyo, lakini huendelea kwa wiki 4 baada ya kutoka. Meflokwini ni mara moja kwa wiki, huanza wiki 2 au 3 kabla na humalizika wiki 4 baada. Tofauti hiyo ya mwisho wa safari ina sababu. Vimelea vya malaria hujificha kwanza kwenye ini. Dawa ya kwanza huvishambulia humo humo. Hizo nyingine mbili huvisubiri viingie kwenye damu, na kuingia huko kunaweza kutokea ukiwa umesharudi kazini. Anayeacha vidonge siku ya kufungua begi nyumbani ameacha katika kipindi ambacho bado anavihitaji.

Kila moja ina kasoro zake. Doksisaiklini hufanya ngozi iungue haraka kwa jua, haipewi wajawazito wala watoto chini ya miaka 8, na imezwe kwa maji mengi ukiwa umekaa wima, la sivyo huchoma umio. Meflokwini haimfai mwenye historia ya kifafa au maradhi ya akili. Malaria hubadilika kutoka nchi hadi nchi, kwa hiyo daktari achague dawa inayofaa njia yote, na anzia kuhesabu eneo la kwanza la hatari hata kama ni usiku mmoja tu wa kusubiri mpaka ufunguliwe.

Mbu wanauma usiku, sivyo?

Wa malaria huuma kati ya jua kuzama na alfajiri. Wa dengue, zika na chikungunya huuma mchana, hasa asubuhi na jioni, na kituo cha mpakani chenye madimbwi, matairi chakavu na foleni ya muda wa saa 3 ni mahali pazuri kwao. Paka dawa ya kufukuza mbu yenye DEET kiasi cha asilimia 20 hadi 50. Kama unapaka na kinga ya jua, itangulie kinga ya jua, kisha dawa ya mbu juu yake. Usiku lala ndani ya chandarua chenye dawa, ukikichomekea chini ya godoro.

Dawa zangu za kila siku zitapita forodhani?

Dawa nyingi hupita. Zinazoleta matatizo ni za maumivu makali kama tramadoli na kodeini, za usingizi na wasiwasi kama dayazepamu, na baadhi ya dawa za umakini. Nchi moja huziuza kwa cheti cha daktari, jirani yake huziita dawa za kulevya na kumkamata anayezibeba bila kibali. Uliza ubalozi wa kila nchi iliyo kwenye karatasi, ikiwemo ile unayoipita kwa saa 5 tu.

Ziache kwenye pakiti zake zenye jina lako. Kuzimimina zote kwenye kisanduku cha vidonge kunaokoa nafasi, lakini mbele ya ofisa hugeuka vidonge vyeupe visivyo na maelezo. Beba barua ya daktari inayotaja ugonjwa, dozi na jina halisi la dawa, kwa sababu jina la kibiashara hubadilika ukivuka mpaka. Beba za kutosha safari nzima na ziada ya siku kadhaa. Dawa bandia zipo na kwa macho hazitambuliki.

Insulini isikae kwenye buti la basi wala kwenye dashibodi, joto la humo huiharibu. Kaa nayo kwenye mkoba wako, ndani ya kifuko cha kupooza, isigusane na barafu kwa sababu ikiganda haifai tena.

Nimeamka na homa siku ya kuvuka. Nimeze paracetamol nipite kwenye kipimajoto?

Usifiche. Kipimajoto kitadanganyika, malaria haitadanganyika. Malaria kali inaweza kumfikisha mtu katika hatari ya kufa ndani ya saa 24, na saa hizo ukizimalizia kwenye basi upande wa pili, mbali na hospitali, zimepotea. Pima malaria kwanza, upande uliopo. Paracetamol ni sawa kwa kushusha homa. Aspirini na ibuprofeni ziache mpaka ithibitike kwamba si dengue, kwa sababu huongeza hatari ya kuvuja damu.

Nikiharisha njiani?

Kunywa maji ya ORS (mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) tangu mwanzo, usingoje kuishiwa nguvu. Pakiti zikiisha, changanya lita 1 ya maji salama, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazisha; chumvi ikizidi hudhuru, hasa mtoto. Maji ya mashaka yachemke kwa nguvu kwa dakika 1, na dakika 3 ukiwa juu ya mita 2,000. Loperamidi inaweza kukuvusha safari ya basi lisilosimama, ila usiitumie ukiona damu au ukiwa na homa, wala usimpe mtoto mdogo. Damu kwenye choo, homa kali au kushindwa kabisa kunywa ni vya hospitali.

Mbwa au nyani akining'ata?

Osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, kisha nenda ukachanjwe kichaa cha mbwa siku hiyo hiyo, hata kama mnyama anaonekana mzima na hata kama basi linaondoka. Dalili zikishaanza, ugonjwa huu karibu kila mara huua.

Kati ya haya yote, kipi kinaua watalii zaidi?

Kwa msafiri mwenye afya njema, ajali za barabarani zimo juu kabisa kwenye orodha. Funga mkanda, vaa helmeti, usipande gari la usiku kama lipo la mchana. Bima yako isomwe vizuri: itaje nchi zote, si ile ya mwisho tu, na uone kama inalipa aliyeumia kwenye pikipiki.

Nimerudi salama. Nimemaliza?

Maliza vidonge vya malaria kwanza. Homa yoyote ndani ya miezi 3 ya mwanzo ichukuliwe kuwa malaria mpaka kipimo kiseme vingine, na hata mwaka ukipita mwambie daktari ulikopita. Yeye hawezi kuisoma pasipoti yako. Kama uliogelea au kuvuka kwa miguu maji baridi ya ziwa au mto penye kichocho, pima hata bila dalili, lakini si mara tu ukirudi: mayai ya minyoo ya kichocho na kingamwili huchelewa kuonekana, kwa hiyo subiri wiki 6 hadi 8 tangu ulipoingia majini mara ya mwisho.