Janitor hakuanza na ufagio

Niliwahi kuletewa tangazo la kazi la shule moja ya Marekani nilitafsiri, lisomwe na wazazi wanaozungumza Kiswahili, wengi wao wakimbizi kutoka Kongo. Kazi yenyewe: janitor. Nikaandika "mfagiaji" bila kufikiri mara mbili, nikasonga mbele. Nilipofika kwenye majukumu nikakwama. La kwanza, kufungua milango yote ya jengo saa kumi na mbili asubuhi. La pili, kukagua mtambo wa kupasha vyumba joto. Kupiga deki kulikuwa la tano. Mfagiaji gani huyu anayekabidhiwa funguo za shule nzima?

Makosa mengi ninayoyasikia kuhusu neno hili niliyafanya mwenyewe kwanza, kwa hiyo sina wa kumcheka.

"Janitor ni neno la Wamarekani la mtu wa usafi"

Kwa masikio ya leo, ndiyo. Lakini neno lilitoka kwenye Kilatini, ianitor, na ndani yake mna ianua, yaani mlango. Ianitor ni mtu wa mlangoni. Kwenye maandishi ya Kiingereza limeonekana tangu miaka ya 1580, kwanza likimtaja msaidizi wa shuleni, baadaye mlinda mlango. Maana ya mtu anayetunza jengo na kuhakikisha vyumba ni safi inaonekana mwaka 1708, wakati nchi iitwayo Marekani ilikuwa haijazaliwa.

Halafu wako Waskoti. Mpaka leo shule za Scotland zina janitor, na watoto humwita "jannie". Ukivuka mpaka kuingia England, mtu huyohuyo anaitwa caretaker. Anayesema hili ni neno la Kimarekani anamnyang'anya Mskoti chake.

"Limetokana na mungu Janus"

Nusu ya hili ni kweli, na nusu za kweli ndizo ngumu kuzing'oa. Janus alikuwa mungu wa Warumi mwenye nyuso mbili, mmoja mbele na mmoja nyuma, na ndiye aliyeupa mwezi wa Januari jina, ule ambao wenye mishahara wa Nairobi wameubatiza Njaanuari. Milango yake mjini Roma iliachwa wazi wakati wa vita na kufungwa wakati wa amani. Kaisari Augusto alijisifu kwamba katika utawala wake ilifungwa mara tatu.

Ila ianus, kwa herufi ndogo, lilikuwa pia neno la kawaida la njia ya kupita chini ya tao. Cicero, mwandishi wa Roma ya kale, aliamini mungu ndiye aliyetangulia: jina lake limetokana na kwenda, kisha mapito na milango vikaitwa kwa jina hilo. Kuhusu kwenda, wanaisimu wa leo wako upande wake. Lakini janitor hakupewa jina kwa heshima ya mungu. Aliitwa kwa kile alichokaa karibu nacho, mlango. Yeye na Janus ni ndugu wa ukoo mmoja, si baba na mwana.

"Zamani mlinda mlango alikuwa mtu mkubwa"

Dhana hii naielewa inakotoka. Ukisikia "mwenye funguo" unafikiria madaraka. Na kweli neno lenyewe limepanda juu sana: wimbo mmoja wa kale wa Kanisa, wa Kilatini, unamwita Mtume Petro ianitor caeli, bawabu wa mbinguni. Lakini Virgil, mshairi wa Kirumi aliyeandika kabla ya Petro kuzaliwa, alilitumia neno hilohilo kwa Cerberus, mbwa wa vichwa vitatu anayelinda mlango wa kuzimu.

Binadamu aliyekuwa akiitwa hivyo pale Roma alikuwa mtumwa, na baadhi yao walifungwa mnyororo palepale mlangoni. Ovid, mshairi mwingine wa Kirumi, ana shairi zima linaloanza kwa kumwita ianitor aliyefungwa mnyororo mgumu. Ni usiku, kijana kasimama nje ya nyumba ya mpenzi wake, anabembeleza. Hataki mlango wote, anataka ufa tu, apite kiubavu, kwa sababu mapenzi yamemkondesha kiasi hicho. Anasihi, anatisha, anasihi tena. Mlango haufunguki. Kunapambazuka, anavua shada la maua kichwani, analiacha kizingitini na kwenda zake. Nililisoma mara ya kwanza nikamhurumia kijana. Mara ya pili nikajiuliza mwenzake wa ndani angefanya nini, maana aliyebembelezwa ndiye asiyeweza kutoka.

Nyumba za kujionyesha zilikuwa na namna nyingine. Katika hadithi ya mwandishi wa Kirumi Petronius, ya tajiri aliyekuwa mtumwa zamani, mlinda mlango amevaa kijani na mshipi mwekundu, amesimama akimenya njegere ndani ya sinia la fedha. Juu ya kizingiti kimetundikwa kizimba cha dhahabu chenye ndege anayesalimia wageni. Pembeni, karibu na kijumba cha mlinzi, ukuta umechorwa mbwa mkubwa mwenye mnyororo na maandishi ya kumtahadharisha mgeni. Pale Pompeii, mji wa Warumi uliofukiwa na volkano, mbwa wa aina hiyo bado yupo sakafuni, kwa vijiwe vya rangi, na maneno cave canem. Kwa Kiswahili cha mageti yetu: Mbwa Kali. Sare ya kijani na sinia la fedha havikuwa heshima ya mlinda mlango hata kidogo. Vilikuwa vya kumpamba mwenye nyumba, sawa na yule ndege.

"Alishushwa cheo, akapokonywa funguo, akapewa ufagio"

Hapa ndipo nilipokuwa nimepotea zaidi. Nilidhani kuna siku neno liliruka kutoka mlangoni hadi kwenye ndoo. Halikuruka. Lilifuata funguo.

Mwenye funguo hufika wa kwanza na kuondoka wa mwisho. Katika shule ya nchi ya baridi, anayefika wa kwanza ndiye wa kuwasha moto kabla wanafunzi hawajaja. Anayewasha moto ndiye wa kuzoa majivu, na akishashika kitu cha kuzolea majivu, ufagio umeshafika. Kengele anaipiga yeye, kwa kuwa yupo. Kioo kikivunjika anaitwa yeye, kwa kuwa yupo. Kazi zote zisizo na mwenyewe humwangukia aliye karibu na mlango.

Chicago iliyaongeza hayo maradufu. Majengo ya kupangisha yalipojaa mjini, kila moja lilikuwa na tanuru la makaa ya mawe chini, na janitor mara nyingi aliishi hukohuko na familia yake. Alilisha tanuru, alitoa majivu na taka, alikwangua theluji ngazini, alitengeneza bomba. Wapangaji waliamka kwenye joto lililokuwa limeamshwa na mtu mwingine kabla ya alfajiri. Watu hao, wahamiaji na Wamarekani weusi pamoja, ndio waliokuwa kiini cha chama cha wafanyakazi wa majengo kilichoundwa mwaka 1921, ambacho leo kinaitwa SEIU na ni miongoni mwa vyama vikubwa vya wafanyakazi Marekani.

Baadaye mafuta na gesi vikachukua nafasi ya makaa. Mlango ukapewa kampuni ya ulinzi, kufuli ikawa ya umeme. Kilichobaki mkononi mwa janitor ni sakafu. Hata sakafu ikaja kupewa makandarasi, na kazi ikasogezwa usiku, wenye ofisi wakishaondoka. Mtu aliyeitwa kwa jina la mlango sasa anaingia milango ikishafungwa, na wanaoketi humo mchana hawamjui sura.

"Custodian ni jina lenye staha zaidi"

Shule nyingi za Marekani zilibadilisha kibao katikati ya karne ya 20: janitor akawa custodian. Nia huenda ilikuwa njema. Lakini custodian linatokana na custos, mlinzi, ambaye pia ni babu wa custody, neno ambalo kwa mahakama zetu ni mahabusu. Sioni staha iliyoongezeka hapo.

Caretaker nalo linasikika laini, ila care ya Kiingereza cha kale ilikuwa huzuni na wasiwasi. Caretaker ni mtu aliyejitwika wasiwasi wa wengine. (Ndilo neno wanalolitumia Waingereza kwa serikali ya mpito, na wasiwasi humo haukosekani.) Concierge, wale wahudumu wa wageni wa hoteli za kifahari, nao wamepambiwa ngano, kwamba jina lao ni la Kifaransa, "bwana wa mishumaa" wa jumba la mfalme. Hapana. Asili inayokubalika zaidi ni conservus ya Kilatini, mtumwa mwenza. Kila unapokwangua rangi ya maneno haya, chini unamkuta mtumwa au mlinzi.

Ninachowajibu wanaodai jina ndilo tatizo ni hiki. Katikati ya miaka ya 1980, wasafishaji wa maofisi wa Marekani, kuanzia Denver, walianzisha kampeni ya kudai mishahara na bima. Waliiita Justice for Janitors, haki kwa majanitor. Tarehe 15 Juni 1990 waandamanaji wao walipigwa na polisi katika mtaa wa Century City, Los Angeles, na siku hiyo wanaiadhimisha mpaka sasa. Hawakuomba waitwe custodian. Walilibeba neno lilelile kwenye mabango.

Matusi yapo, sikatai. Mitandaoni "janny" ni kejeli kwa msimamizi anayefuta maandishi ya watu bila kulipwa. Angalia tu kinachochekwa: ni kutolipwa.

"Kiswahili hakina neno lake"

Tunalo, tena limejengwa kwa tofali zilezile. Bawabu ni la Kiarabu, bawwab, na ndani yake mna bab, mlango. Kwa Yohana 10:3 Biblia yetu inasema, "Bawabu humfungulia huyo." Biblia ya Kilatini hapo ina ostiarius, jina jingine la mlinda mlango. Hilo ostiarius lilipita kwenye vinywa vya Wafaransa, likafika Uingereza likiwa usher, ndipo tukapata maasha wanaotupanga kwenye viti vya harusi. Kule Cairo bawwab wa leo huketi chini ya jengo la maghorofa, hujua nani kaingia na nani katoka, hufagia ngazi, huosha magari na kutumwa dukani. Kiarabu kimepita njia ileile ya Kilatini bila kuongozwa na mtu.

Ila bawabu wetu amebaki kwenye Maandiko na mashairi. Kwenye lile tangazo nilifuta "mfagiaji", nikajaribu "bawabu", nikaona msomaji atadhani shule inatafuta malaika. Nikaandika "mtunza jengo", na majukumu nikayaacha yajieleze.

Mtaani Nairobi hakuna anayesema lolote kati ya hayo. Tunasema keateka. Wa ploti niliyowahi kupanga alikuwa na chumba cha kwanza ukiingia, kando ya geti, na waya uliopindwa duara wenye funguo zaidi ya thelathini, kila mmoja umefungwa kitambaa cha rangi yake. Alifungua maji, alifuatilia kodi, alijua nani kalala nje. Ngazi zilifagiwa na mama mwingine aliyekuja Jumanne na Ijumaa. Saa tano usiku geti lilifungwa, na ukichelewa ulisimama nje ukimbembeleza kupitia kidirisha, "Keateka, fungua kidogo tu, nipite."