Chumvi, mafuta na muswada: maswali kutoka benchi la presha

Kwenye kliniki ya presha hapa Dodoma watu husubiri muda mrefu, na anayesubiri huuliza. Nimechagua machache kuhusu sheria zinazogusa moyo na presha, yasiyohusu vidonge, isipokuwa la mwisho.

Sheria na moyo wapi na wapi?

Ukikaa chumba kimoja na mvutaji, moshi wake unaumiza mishipa yako hata kama hujawahi kushika sigara. Ushauri wangu haukusaidii, maana wa kushauriwa ni yule mwingine. Ndiyo kazi ya Sheria ya Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003, inayozuia uvutaji kwenye maeneo mengi ya umma na kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 18. Ila ina tundu: inaruhusu kutenga sehemu ya wavutaji, na moshi haujui kusoma kibao. Miongozo ya mkataba wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa kudhibiti tumbaku, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2007, inataka maeneo ya ndani yasiwe na moshi kabisa. Wanaotetea marekebisho wanadai hilo tu.

Chakula ni changu. Kweli serikali iingie hadi chunguni?

Iliingia zamani, mama, na hukulalamika. Tangu miaka ya 1990 chumvi ya kula inatakiwa kisheria kuongezwa madini joto, kwa sababu ya rovu, ule uvimbe wa shingoni. Tunachojadili sasa ni kiasi. WHO inashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, ukijumlisha na iliyomo kwenye mkate na viungo vya mchuzi. Ikizidi, mwili unashikilia maji, na presha inapanda.

Afrika Kusini iliweka ukomo wa chumvi kwenye mkate, soseji na vyakula vingine vya viwandani kuanzia mwaka 2016. Wengi wanataka tuinakili ilivyo. Mimi nasita. Chumvi yetu nyingi haitoki kiwandani, inatoka mkononi mwa mpishi: mlenda wa nyumbani, nyama choma na kachumbari yake, chipsi za jioni zinazonyunyiziwa kutoka kopo lenye matundu hata kabla hujaomba. Sheria ya kiwanda haifiki pale. Kwetu ningeanza na lebo inayotaja chumvi kwa maandishi makubwa mbele ya pakiti, kisha halmashauri ikubaliane na mama lishe na wauza chipsi kwamba chumvi isiwekwe mezani, apewe anayeiomba.

Na mafuta? Sisi tunatumia alizeti.

Hapo mmebahatika. Mafuta ya maji yakigandishwa nusunusu kiwandani kwa hidrojeni huzaa mafuta ya transi, ambayo hupandisha kolesteroli mbaya na kushusha ile nzuri. Kwenye andazi huyaoni wala huyaonji, kwa hiyo kumwambia mtu "chagua vizuri" ni kumdhihaki. Denmark iliweka sheria mwaka 2003: yasizidi gramu 2 katika kila gramu 100 za mafuta. Leo WHO inazitaka nchi zote ziweke ukomo huo au zipige marufuku mafuta yaliyogandishwa kwa namna hiyo. Alizeti iliyokamuliwa Singida au Kongwa karibu haina transi, kwa hiyo sheria hiyo ingemnufaisha hata mkulima wetu. Mbunge wa huku akiipinga, nitataka kumsikia sababu zake. (Lakini alizeti iliyokaangia samaki siku tatu hadi ikawa nyeusi, simtetei mtu.)

Kodi ya soda si kutukamua tu?

Inategemea inavyotozwa. Ikihesabiwa kwa lita, soda tamu sana na soda tamu kidogo zinalipa sawa. Afrika Kusini tangu 2018 wanahesabu gramu za sukari, na viwanda vikapunguza sukari ili visilipe.

Mimi mtu wa Hombolo, nani atanisikiliza?

Babu, Bunge liko mkoani kwako! Muswada ukishasomwa mara ya kwanza hupelekwa kwenye kamati, na kamati hualika wadau watoe maoni. Watu wa Mbeya hupanda basi kuja. Nyinyi mnapanda daladala. Andikeni ukurasa mmoja, mtaje kifungu mnachotaka kibadilike na maneno mnayotaka yawekwe. Barua ya "tunaomba mtujali" haina pa kuingizwa. Kwa mambo ya kodi, msisubiri Juni: bajeti ikisomwa hesabu zimeshafungwa, na mwaka mpya wa fedha unaanza 1 Julai.

Mlango wa karibu zaidi ni diwani. Sheria za Serikali za Mitaa, Na. 7 na Na. 8 za mwaka 1982, zinazipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo. Na diwani mnakutana naye misibani.

Sheria zikipita, niache dawa?

Hapana. Vipimo vyako vikirudia kuwa 140/90 au zaidi, una presha, hata kama huumwi kichwa. Chumvi ikipungua daktari anaweza kukupunguzia dozi, lakini aamue yeye, tena baada ya kupima. Kama zimebaki za siku tano, njoo wiki hii hii.