Dinamo ya Habu: Bei Kubwa Hainunui Mwanga

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba dinamo ya habu, yaani kitovu cha gurudumu kinachozalisha umeme wa taa linapozunguka, ikiwa ghali, taa ya baiskeli itawaka zaidi. Ukweli ni kwamba habu nyingi za aina hii hufuata kipimo kilichozoeleka katika kanuni za Ujerumani, yaani volti 6 na wati 3 kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, iwe ni SON ya kampuni ya Schmidt ya Tübingen au Shimano ya daraja la kati inayouzwa kwa bei nafuu zaidi. Mwanga huamuliwa na taa yenyewe, hasa kiakisi chake kinachoelekeza mwanga barabarani, na ndiyo maana mwenye fedha kidogo afadhali abane kwenye habu aongeze kwenye taa.

Wengine huzungusha ekseli kwa vidole dukani, wakahisi inakwamakwama, wakaamua kwamba baiskeli itakuwa nzito. Mkwamo huo ni wa sumaku zinazovuta na kuachia, na nguvu inayoliwa sumaku zinapovuta hurudi kwa sehemu kubwa zinapoachia, hivyo vidole si kipimo cha uzito wa barabarani. Habu yenye ufanisi wa asilimia 60 humdai mwendeshaji wati 5 taa zikiwa zinawaka, ilhali mtu anayekwenda kazini bila haraka hutoa wati 75 hadi 100.

Kosa linalogharimu zaidi ni kuhesabu bei ya habu peke yake. Habu ya dinamo ni nene kuliko ya kawaida, kwa hiyo spoki za zamani mara nyingi huwa ndefu mno, na mnunuzi hulazimika kununua spoki mpya na kumlipa fundi wa kuunga gurudumu. Wakati mwingine gurudumu zima lililokwisha kuungwa kiwandani, lenye Shimano ya kawaida, hutoka rahisi kuliko habu tupu pamoja na kazi hiyo. SON hustahili bei yake kwa msafiri wa masafa marefu, kwa sababu ya beringi zake zilizozibwa vizuri na dhamana ya miaka 5.

Habu za wati 1.5 nazo hudhaniwa kuwa mbovu. Kwa taa za LED pekee zinatosha, ila asizichague mwenye taa ya halojeni, yaani ya balbu ya zamani inayokula umeme zaidi, wala anayetaka kuchaji simu njiani.