Gari la kukaa nalo miaka 10: anza na herufi za chesisi

Karibu kila wiki napokea swali lile lile. "Fundi, ninunue gari gani nikae nalo miaka 10?" Anayeuliza huwa tayari ana jina kichwani: IST, Premio, RAV4, X-Trail. Anachosubiri ni mimi niitikie kwa kichwa. Namrudishia swali: yenye injini gani? Giaboksi gani? Hapo wengi hunyamaza, kwa sababu gari walilochagua wamelijua kwa sura na rangi tu.

Nimeshika spana Dar es Salaam kwa miaka 19. Magari ambayo nimeyaona yakizeeka vizuri, yenye kilomita laki 3 na bado asubuhi yanawaka kwa funguo moja, hayana jina moja. Yanachoshirikiana ni mambo mawili: injini isiyo na makuu, na mwenyewe anayejali maji na oili. Hili la pili ni juu yako. La kwanza unaweza kulisoma kabla hujatoa hata shilingi, na limeandikwa kwenye kadi ya gari.

Chukua Premio, ile ya umbo la kuanzia mwaka 2001. Majirani wawili wanaweza kuwa nazo, nyeupe zote mbili, taa zile zile, wakadhani wana gari moja. Sasa soma namba ya chesisi. Moja inaanza na NZT240, nyingine AZT240. Herufi ya mwanzo au mbili za mwanzo zinatokana na familia ya injini. NZT ina 1NZ-FE, sisi (cc, yaani ukubwa wa injini) 1,497. ZZT ina 1ZZ-FE ya sisi 1,794. AZT ina 1AZ-FSE, sisi 1,998, ile watu wanayoiita D4. Hayo ni magari matatu tofauti yaliyovaa bodi moja, na miaka 10 ya kukaa na moja haifanani hata kidogo na miaka 10 ya kukaa na jingine.

Nianze na D4, maana ndiyo inayoniletea maswali mengi. Kwenye injini ya kawaida ya petroli, nozeli hunyunyiza mafuta nyuma ya valvu ya kuingizia hewa, na yale mafuta yanapopita huiosha ile valvu. D4 hunyunyiza moja kwa moja ndani ya silinda, kwa presha kubwa, kupitia pampu ya ziada. Kwa ulaji wa mafuta ni ubunifu mzuri. Lakini valvu haioshwi tena, kwa hiyo masizi hujijenga mwaka hadi mwaka mpaka sailensa (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) inaanza kucheza na gari linazima kwenye foleni. Pampu ile ya presha na nozeli zake hazivumilii mafuta machafu. Halafu bloku ya familia hii ya AZ ni ya alumini, na hesi za bolti za silinda hedi zinajulikana kuchomoka zikishachoka, hasa injini ikishachemka. Maji yanaanza kupungua kidogo kidogo na huoni yanakovuja. Inatengenezeka: unatoboa, unaweka vipande vya hesi ya chuma, unafunga upya. Ila ni kazi ya kushusha hedi, na inahitaji fundi mwenye vifaa na subira. Injini hii utaikuta pia kwenye Noah za AZR60 na RAV4 za ACA21. Ukiwa na fundi anayeijua vizuri na unaweka mafuta kituo unachokiamini, utakaa nayo. Mtu ambaye gari ni moja na bajeti ni moja, simshauri.

1ZZ-FE ni nzuri kwa nguvu, ila za mwanzo, za kuanzia 1998 mpaka karibu 2002, zina tatizo la kula oili. Matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni yalikuwa madogo, yanaziba, ringi zinakwama. Pistoni zilibadilishwa baadaye. Kwa hiyo kwenye injini hii mwaka una maana kubwa.

Na 1NZ-FE? Hii ndiyo ninayoipenda, na sioni haya kusema. Ilitoka 1999. Silinda 4, cheni ya taimingi badala ya mkanda, mafuta yananyunyizwa kwa njia ya kawaida. Kinachonifanya niitaje kila siku ni kwamba imekaa ndani ya magari mengi mno: IST ya sisi 1500, Vitz, Corolla NZE121, Spacio, Raum, Sienta, Premio, Allion, Probox, Succeed. Koili ikifa ukiwa Singida utaipata Singida. Ukitaka injini nzima ya mtumba, Ilala wanakuuliza unataka yenye giaboksi au bila giaboksi. Mkenya akishuka Barabara ya Kirinyaga pale Nairobi, ile wenyewe wanaiita Grogan, atapata hivyo hivyo. Uimara wa gari kwa mtu wa kwetu una nusu mbili: linaharibika mara ngapi, na likiharibika linakaa juu ya mawe siku ngapi. Watu huuliza nusu ya kwanza tu.

Ndiyo maana simshauri mtu anunue gari la mtengenezaji asiye na spea katika mji anaoishi, hata kama huko Ulaya linasifiwa vipi. Gari zuri linalosubiri sensa kutoka nje wiki sita si gari la kukaa nalo. Na mazingira yako yana neno pia. Anayefanya kazi Katavi, anavuka makorongo na kujaza dizeli kutoka kwenye madumu, mimi namwelekeza kwenye Land Cruiser mkonga yenye 1HZ: silinda 6, sisi 4,164, haina tabo (turbo), haina kontrolboksi ya kuamua lini iwake. Inakula mafuta, ndiyo. Lakini dizeli za komoni reli, zenye nozeli za presha kubwa, zinateseka sana na dizeli ya madumu. Anayetoka Mbagala kwenda Posta kila siku hana haja ya mkonga.

Tuje kwenye giaboksi, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Premio ya 1NZ ya umbo la 2001 ina otomatiki ya gia 4. Ya umbo la 2007, NZT260, injini ni ile ile, ila giaboksi ni CVT. Ndani ya CVT kuna mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na kubana kwake kunategemea oili maalumu. Mtu akitia oili ya otomatiki ya kawaida, mkanda unateleza, unakwaruza puli, na baada ya hapo hakuna dawa zaidi ya kubadilisha giaboksi. Sisemi CVT ni mbaya. Nasema gari la mtumba lenye CVT linakuja na historia ya oili usiyoijua, na kosa moja la mtu aliyepita linatosha kuiua. Ukiipenda, ijaribu ikiwa imepata moto, kwenye mlima, ukikanyaga taratibu kutoka kusimama. Ikitetemeka au ikilia kama mluzi, mrudishie mwenyewe funguo. Ukiinunua, badilisha oili yake kila kilomita 40,000 kwa ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na usikubali kuambiwa "zote ni sawa tu".

Sasa kuhusu kilomita. Namba iliyo kwenye dashibodi iamini baada ya kuona ushahidi mwingine. Kwa gari linalotoka mnada wa Japani, omba karatasi ya mnada. Ukiona daraja la R au RA, gari lilishagongwa likatengenezwa, na mchoro wa bodi unaonyesha wapi: A ni mikwaruzo, U ni kubonyea, W ni palipopigwa rangi, S ni kutu. Herufi S naiogopa kuliko A. Magari ya mikoa ya theluji hupita kwenye barabara zilizomwagwa chumvi, na kutu huanzia chini, usipopaona ukisimama. Ukilileta Tanga au Unguja, hewa ya bahari inamalizia kazi.

Kama gari lipo tayari nchini, fungua mlango wa dereva na boneti utafute vile vistika vya Kijapani vya kubadilisha oili au mkanda. Mara nyingi havijabanduliwa, kwa sababu wanaorudisha kilomita hawawezi kuvisoma. Mwaka huandikwa kwa hesabu yao: enzi ya Heisei ilianza 1989, kwa hiyo jumlisha 1988. Kistika kinachosema 18.5.20 na kilomita 92,000 maana yake ni tarehe 20 Mei 2006. Kama dashibodi leo inasoma 78,000, mazungumzo yameisha. Angalia pia lebo iliyoshonwa chini ya mkanda wa kiti, huwa na tarehe ya kutengenezwa. Ikiwa mkanda mmoja ni wa miaka mingi baada ya gari, uliza kwa nini ulibadilishwa.

Na jambo ambalo naomba wenzangu wa Bongo tuliache: kununua gari kwa herufi ya namba ya usajili. "Fundi, ni namba E hii." Herufi ile inakwambia lini gari lilisajiliwa Tanzania. Haikwambii lilitengenezwa lini wala lilitunzwaje. Gari la 2004 linaweza kuvaa namba E. Nimewahi kuona namba C iliyotunzwa na mwalimu mmoja wa kike ikiwa na afya kuliko namba E tatu zilizosimama jirani yake. Kenya wana sheria ya kutoingiza gari lililozidi miaka 8, hapo umri unabanwa mlangoni. Kwetu linaingia, linalipa ushuru wa ziada kwa uzee wake, na linapewa herufi mpya.

Siku ya kwenda kuliona, mwambie muuzaji: "Usiliwashe kabla sijafika." Ukifika, gusa boneti. Kama ina moto, kuna kitu alitaka usikisikie, maana injini mgonjwa husema ukweli ikiwa baridi. Fungua mfuniko wa rejeta. Maji yakiwa na rangi ya chai ya rangi, gari hili limeishi kwa maji ya bomba, au ya kisima. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na chumvi inakula alumini ya hedi, inakula rejeta, inakula pampu ya maji. Fungua mfuniko wa oili, chungulia. Tope jeusi lililoganda humaanisha oili ilikaa mara mbili au tatu ya muda wake.

Kisha uliza swali hili, na usimwachie mpaka akujibu: themostati ipo, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto?

Nalisisitiza kwa sababu linaniuma. Kuna mazoea ya kuitoa themostati "gari lisichemshe". Mama mmoja aliniletea gari lake dogo la sisi 1,300, amelinunua likiwa zima, na fundi mwingine alikuwa ameitoa ile themostati kwa nia njema kabisa. Miaka miwili baadaye linakula mafuta kama basi na linatoa moshi wa bluu. Themostati ya injini nyingi hufunguka kwenye takriban nyuzi 82. Ukiitoa, maji yanazunguka muda wote na injini haifiki joto lake. Kontrolboksi inadhani bado ni asubuhi, inazidisha petroli. Petroli ya ziada inaosha oili kwenye kuta za silinda na kuingia kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), ringi zinasagana na chuma kikavu. Na kwenye injini nyingine themostati ndiyo inayoziba njia ya mchepuko, kwa hiyo ukiitoa, sehemu ya maji ya moto haipiti rejeta kabisa, na kwenye foleni ya Ubungo gari linachemsha vile vile. Gari linalochemsha lina sababu: feni, rejeta iliyoziba, mfuniko uliochoka, pampu, gasketi. Itafutwe hiyo sababu. Yule mama tulilazimika kushusha injini na kubadilisha ringi. Themostati yenyewe ni kitu cha kukaa kiganjani.

Ukishanunua, usiamini neno "limetoka sevisi juzi". Wiki ya kwanza mimi humwaga kila kitu: oili ya injini, oili ya giaboksi, maji yote nikaweka kulanti, oili ya breki. Kama injini ni ya mkanda wa taimingi na hakuna kistika kinachonionyesha ulibadilishwa lini, nauhesabu kuwa haujawahi kubadilishwa. Baada ya hapo oili ya injini kila kilomita 5,000, kwa sababu foleni na vumbi vyetu si vya kitabu.

Na nunua daftari la kurasa 40, uliweke kwenye droo ya dashibodi. Kuna mzee wa Kilosa analeta Probox yake kwangu kila akija mjini. Lake limeshika mafuta kila ukurasa: tarehe, kilomita, kilichofungwa, duka kilikonunuliwa. Mara ya mwisho nilifungua, juu ya mstari wa plagi alikuwa ameandika, "Fundi alisema bushi za mbele zinavumilia mpaka Pasaka." Tulikuwa Februari. Nikampandisha gari kwenye jeki, nikazitazama, nikamwambia ziendelee.