Hakuna Aliyekanwa: Yanayosemwa juu ya Asiyeamini

Neno tulilozoea kwa mtu asiyeamini kuwa Mungu yupo ni "mkana Mungu", na kosa linaanzia hapo hapo. Kukana ni kusema humjui unayemjua. Petro alimkana Yesu kabla jogoo hajawika. Mwizi hukana shitaka, na baba asiye na haya hukana mtoto wake. Ukimwita mtu mkana Mungu umekwisha kumhukumu: moyoni anajua, ila anabisha kwa ujeuri. Mimi sikufika nilipo kwa njia hiyo. Nilitafuta sababu za kunitosha, sikuziona, nikakiri kwamba sikuziona. Wapo wanaosema kwa uhakika kuwa Mungu hayupo, wapo wanaosema jambo lenyewe halijulikani, na wapo ambao leo wako hivi kesho vile. Nitatumia neno "asiyeamini", maana halimtukani yeyote.

"Alikwazwa na shehe au mchungaji, akasusa"

Wapo waliokwazwa, siwezi kukataa. Lakini wengi hawakususa kitu. Imani iliwatoka polepole, kwa maswali madogo, na mara nyingi swali la kwanza halikumhusu Mungu. Langu lilihusu jinamizi.

Nimelelewa Tanga na bibi mzaa mama. Nikiwa na miaka kumi na mitatu hivi, niliamka alfajiri macho makavu, mwili hausogei hata kidole, kifua kimekaliwa na kitu kizito, na mtu mweusi amesimama mlangoni. Nilitaka kupiga kelele, sauti haikutoka. Bibi akasema nimekabwa. Akanisomea, akanifukiza ubani, nikavishwa hirizi. Likarudi tena na hirizi shingoni, nikaambiwa aliyelituma ni mtu wa karibu. Hapo ndipo nilipoumia kweli, kwa sababu "mtu wa karibu" alitajwa jina, naye alikuwa shangazi yangu. Miaka mingi sikula chakula chake.

Baadaye sana ndipo nilipoelewa. Tukiwa kwenye usingizi wa ndoto, ubongo hulegeza karibu misuli yote ili tusizitende ndoto zetu tukajiumiza. Pengine akili huamka kabla mwili haujafunguliwa. Macho yanaona chumba, ndoto bado inaendelea juu ya chumba hicho, na pumzi inaonekana nzito kwa sababu huwezi kuivuta kwa hiari. Hutokea zaidi kwa aliyelala chali, aliyekosa usingizi, au anayelala saa zisizo na mpango. Watafiti wanakadiria kuwa karibu mtu 8 katika kila 100 hupatwa nalo angalau mara moja maishani. Wajapani wanalo jina lake, kanashibari. Kule Newfoundland, Kanada, husema ni kikongwe anayekalia watu vifua. Kila nchi hulipaka jinamizi sura ya kiumbe inachokiogopa.

"Lakini watu wengi walimwona kwa pamoja, hawawezi kukosea wote"

Mwaka 1995, hofu ya kiumbe aitwaye Popobawa ilizuka Pemba ikavuka hadi Unguja. Watu walisema anawaingilia usiku wakiwa vitandani, wamelemewa, hawawezi kujitikisa. Familia nzima zikahama vyumba zikalala nje, zimejikusanya, wengine wakikesha na moto. Ukisoma maelezo ya walioshambuliwa utaliona jinamizi lile lile: usingizi, uzito, mwili uliofungwa, kiumbe gizani. Kisha ongeza kukesha. Kadiri watu walivyokosa usingizi kwa hofu, ndivyo miili yao ilivyokuwa tayari kukabwa usiku unaofuata. Na ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza tangu vyama vingi virudishwe, visiwa vimejaa wasiwasi tayari.

Sisemi waliosimulia walikuwa waongo. Walipatwa na jambo la kweli, na maelezo yake ndiyo yaliyokuwa na kasoro. Tofauti hiyo ni kubwa, kwa kuwa mjini Unguja mtu mmoja mgonjwa wa akili aliuawa na umati uliomdhania kuwa ndiye Popobawa.

"Uchawi hata usipouamini, waache wanaouamini, haudhuru"

Hii ndiyo dhana inayonikosesha subira kuliko zote. Huko Usukumani, Shinyanga na Mwanza, vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu, eti ni dalili ya uchawi. Mama aliyepika miaka hamsini kwa kuni, na kuni zilipoadimika akapikia kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, ndani ya jiko lisilo na dirisha, macho yake yatakuwaje kama si mekundu? Moshi ukageuzwa ushahidi wa mauti. Watu wenye ualbino wamekatwa viungo kwa kuwa mganga alimwambia mtu kwamba viungo hivyo vinaleta utajiri. Ualbino ni urithi wa vinasaba kutoka kwa wazazi wote wawili, mwili ukashindwa kutengeneza rangi ya kutosha, basi. Mtu mwenye ualbino anahitaji kofia, mafuta ya kuzuia jua na miwani, na anahitaji kulala bila kuogopa majirani.

Wala si uchawi peke yake. Mwaka 2011 maelfu walifurika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Foleni ya magari ilikwenda kilomita nyingi. Wapo waliotorokeshwa hospitali wakafia njiani, na wapo wenye virusi vya UKIMWI walioacha dawa. Aliyejisikia nafuu alisimama redioni akatoa ushuhuda. Aliyezikwa hakuwa na wa kumhoji. Tukihesabu shuhuda za walio hai tu, kila dawa duniani itaonekana inaponya.

Na huko Shakahola, Kilifi, mwaka 2023 ilianza kazi ya kufukua makaburi ya watu waliofunga kula ili wakutane na Yesu. Miili ikapita 400, wakiwemo watoto. Waumini wengi walilia nami juu ya hilo, na nawaheshimu. Ninachoomba ni kwamba swali "umejuaje?" lisiitwe dhambi mahali ambapo maisha ya mtoto yanalitegemea.

"Huyo kajiunga na Frimasoni"

Siku nilipomwambia rafiki yangu wa utotoni, hili ndilo lililomtoka kwanza, tena kwa sauti ya chini. Ukweli ni kinyume kabisa. Kwenye Frimasoni inayofuata taratibu za Uingereza, sharti la kwanza la kupokelewa ni kuamini kuwa yupo Mwenyezi aliye juu ya vyote. Katiba yao ya mwaka 1723 yenyewe inamkemea asiyeamini. Sir Andy Chande, Frimasoni aliyejulikana kuliko wote Tanzania na ambaye hakujificha, alikuwa Mhindu mwenye dini yake. Wapo Wafaransa walioliondoa sharti hilo mwaka 1877, na kwa sababu hiyo Waingereza wakakatana nao. Kwa hiyo mimi, hata nikipiga hodi, mlango wa Uingereza haunifungukii. Ama kumwabudu shetani, anayesema haamini majini atamwabuduje mkuu wao?

"Ni mambo ya Wazungu"

Uhindini, zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, palikuwa na wanafalsafa walioitwa Charvaka, waliokataa maisha baada ya kifo na kuwacheka makuhani waliokula sadaka. Al-Ma'arri, mshairi kipofu wa Syria aliyezaliwa mwaka 973, alizitilia shaka dini zote kwa Kiarabu safi. Tai Solarin wa Nigeria, aliyefungua shule ya Mayflower huko Ikenne mwaka 1956, hakuwa na dini na hakuficha. Na wazee wetu waliosema "mganga hajigangi" walikuwa wamekwisha kumchunguza mganga.

"Asiye na hofu ya Mungu atashindwa na nini kuiba?"

Atashindwa na yale yale yanayomzuia jirani yake mwenye dini: huruma, malezi, aibu, sheria, na kujua anavyojisikia mtu aliyeibiwa. Denmark na Sweden wana watu wengi wasioshika dini, na mauaji kule ni machache sana. Sitaki kulivuta jambo hili kupita linapofika. Utulivu wao una sababu nyingi, na Stalin, aliyeongoza dola iliyopiga vita dini, aliua watu kwa mamilioni. Nchini Rwanda mwaka 1994, waliokimbilia kanisa la Ntarama waliuawa ndani yake, katika nchi ambayo wengi wa raia wake walikuwa Wakristo. Ukiwaweka wote hao mezani, dini au kukosa dini hakukuambii mtu ni mwema kiasi gani. Itabidi umwangalie mwenyewe.

"Ni kosa kisheria" na "amechanganyikiwa"

Katiba ya Kenya, ibara ya 8, inasema hakuna dini ya taifa, na ya 32 inalinda dhamiri na mawazo pamoja na dini. Tanzania uhuru huo umo katika ibara ya 19. Sensa ya Kenya ya 2019 iliwahesabu watu 755,750 waliosema hawana dini. Hata hivyo chama cha wasioamini cha Kenya, kilichosajiliwa Februari 2016, kilisimamishwa baada ya muda mfupi kwa madai ya kuhatarisha amani, hadi Mahakama Kuu ilipouzuia uamuzi huo.

Na kuna kwingine kugumu zaidi. Mubarak Bala wa Nigeria alipoacha kuamini, mwaka 2014 ndugu zake walimlaza kwenye wodi ya wagonjwa wa akili. Mwaka 2020 akakamatwa kwa maandishi ya Facebook, 2022 akahukumiwa miaka 24 huko Kano, akatoka baada ya adhabu kupunguzwa. Ndiyo maana simshauri kijana anayekula na kulala kwa wazazi wake ajitangaze kesho asubuhi. Hana deni la kumwambia mtu.

"Atakimbia misiba, na akifiwa atamwita Mungu tu"

Bibi alipofariki nilikuwa wa kwanza kufika. Niliingia kaburini kumpokea, kama mjukuu anavyotakiwa. Wakati wa dua nilisimama kimya, kichwa chini, kwa sababu zile zilikuwa dua zake na angezipenda. "Mungu wangu" lilinitoka mara kadhaa siku ile. Ni Kiswahili changu, nimekinyonya kwake. Usiku shangazi yule yule alipakua wali wa msiba akanisogezea sahani. Nilikula wote.