Mabanda ya Montreal 1967: yasome kuanzia paani

Picha za Maonesho ya Dunia ya Montreal, Expo 67, hazikosi kuzunguka mitandaoni, na watu husifia maumbo: kuba la Marekani linalong'aa kama povu, hema la Wajerumani lenye vilele, piramidi ya Kanada iliyosimama kichwa chini. Mimi ni mhandisi wa miundo ya majengo na kazi yangu kubwa ni paa, kwa hiyo mabanda yale nayasoma kwa njia yangu. Nauliza paa limeshikwa na nini, uzito wake unashukia wapi, upepo ukivuma linafanyaje, na joto linatokea wapi. Ukishayauliza hayo, sifa zinaanza kugawanyika tofauti na tulivyozoea.

Kwanza mahali penyewe. Maonesho haya yangefanyika Moscow. Wasovieti walipewa nafasi hiyo, wakajitoa mwaka 1962, na Montreal ikairithi ikiwa na muda mfupi mno wa maandalizi. Eneo lililochaguliwa lilikuwa katikati ya mto Saint Lawrence. Kisiwa cha Sainte-Hélène kilipanuliwa, na kisiwa kizima cha Notre-Dame kikaundwa kwa kumwaga mawe na kifusi mtoni. Sehemu ya kifusi hicho ilitoka kwenye mahandaki ya treni ya chini ya ardhi yaliyokuwa yakichimbwa jijini wakati huohuo. Nchi 62 zilishiriki, milango ikafunguliwa tarehe 28 Aprili 1967 na kufungwa tarehe 29 Oktoba, na watu waliopita hapo walizidi milioni 50.

Kwa mhandisi, habari hiyo ya kifusi ni nzito. Ardhi iliyomwagwa juzi haijatulia; ukiweka jengo zito, itaendelea kushuka, na haishuki sawasawa kila upande. Tena jengo lenyewe ni la miezi sita tu, na huenda limesafirishwa kwa meli kutoka ng'ambo ya bahari. Mambo hayo matatu, yaani ardhi changa, muda mfupi na safari ndefu, yalimpa nafasi kila aliyekuja na wazo la kujenga kwa wepesi.

Aliyeitumia nafasi hiyo vizuri kuliko wote ni Frei Otto. Banda la Ujerumani Magharibi, alilolibuni pamoja na msanifu Rolf Gutbrod, lilifunika takribani mita za mraba 8,000 bila ukuta mmoja unaobeba paa. Ndani yake kulikuwa na milingoti minane ya chuma, mirefu na mifupi. Juu ya milingoti hiyo ulitandazwa wavu wa kamba za chuma zenye unene wa milimita 12, matundu yake yakiwa sentimita 50 kwa 50, na chini ya wavu likaning'inizwa turubai la polista lililopakwa plastiki. Wavu ulitengenezwa Ujerumani, ukafungashwa, ukavushwa bahari na kuinuliwa Montreal.

Watu wengi hudhani hema ni jengo dhaifu. Wanachokumbuka ni turubai la shughuli mtaani: limefungwa bapa kwenye nguzo nne, upepo ukija linapigapiga, mvua ikija linabeba dimbwi tumboni. Tatizo hapo ni ubapa wake. Turubai au wavu hauwezi kusukuma, unaweza kuvuta tu. Kwa hiyo lazima kila sehemu ya uso wake ipinde mara mbili, upande mmoja ukibonyea na upande unaoukata ukibinuka, mfano wa tandiko la farasi. Kamba zinazobonyea hubeba theluji na uzito unaoshuka. Kamba zinazobinuka hulizuia paa lisinyakuliwe upepo unapolivuta kwenda juu. Ukizikaza zote mapema, kabla mzigo haujafika, hakuna kamba itakayolegea, na paa linatulia kabisa ingawa ni jepesi mno kwa ukubwa wake.

Umbo hilo halichorwi kwa kupenda. Otto alilitafuta kwa sabuni. Unatengeneza fremu ndogo ya waya na nyuzi, unaichovya kwenye maji ya sabuni, unaitoa. Utando unaobaki hujipanga wenyewe katika eneo dogo kuliko yote yanayowezekana ndani ya mipaka uliyouwekea, na mvuto ndani yake unakuwa sawa kila mahali. Anayeamua umbo ni fizikia. Mbunifu anaamua mipaka. Baada ya hapo zilijengwa modeli za kupimia, na kikundi cha mhandisi Fritz Leonhardt kikageuza vipimo hivyo kuwa urefu wa kila kamba. Kumbuka, kompyuta za wakati huo zisingeweza kuwafanyia kazi hiyo. Modeli iliyopimwa kwa uangalifu ndiyo iliyokuwa hesabu.

Sehemu ninayoipenda zaidi iko kwenye ncha ya mlingoti. Paa zima linaposhikwa na nukta moja, nguvu zote hukimbilia hapo, na turubai litachanika hata liwe imara namna gani. Otto aliondoa nukta. Alizungusha kamba nene ikatengeneza kitanzi chenye umbo la jicho, na kamba za wavu zikafungwa kwenye ukingo wa kitanzi hicho. Nguvu iliyokuwa ikusanyike mahali pamoja ikagawanywa kwa kamba nyingi, na ndani ya jicho likabaki dirisha la kuingizia mwanga. Ufumbuzi mmoja umemaliza tatizo la nguvu na la giza pamoja! Banda lile halipo tena, lakini paa dogo la majaribio lililojengwa Stuttgart-Vaihingen kabla ya Montreal lilihifadhiwa, likawa taasisi ya utafiti ya Otto mwenyewe, na bado limesimama. Bila Montreal sioni namna Munich ingethubutu kufunika uwanja wake wa Olimpiki wa 1972 kwa paa la aina hiyo.

Palikuwa pia na paa kubwa la Wasovieti, kazi ya Mikhail Posokhin, limebetuka mbele kama ubao wa kurukia majini, limebebwa na mihimili mikubwa juu ya nguzo zenye umbo la V. Ni kazi safi ya chuma na kioo. Baada ya maonesho lilifunguliwa vipandevipande na kupelekwa Moscow, lilipo mpaka leo katika viwanja vya maonesho vya VDNKh. Daraja la miguu liliunganisha kisiwa chake na kile cha banda la Marekani, nayo ndiyo njia ambayo wageni wengi walipita kulinganisha mataifa hayo mawili.

Na sasa kuba. Buckminster Fuller na Shoji Sadao waliijengea Marekani robo tatu ya tufe, kipenyo mita 76, kimo mita 62, kwa mabomba ya chuma yaliyounganishwa kwa pembetatu upande wa nje na pembesita upande wa ndani. Pembetatu ndiyo siri yake: umbo la pande nne ukilisukuma linalala, la pande tatu halilali mpaka upande wake mmoja ukatike. Kwa nguvu, sina neno la kulilaumu kuba lile. Treni ndogo ya maonesho ilipita katikati yake na wageni ndani walijiona wako nje.

Hapo kwenye "wako nje" ndipo palipo kasoro. Ngozi ya kuba ilikuwa vipande karibu 1,900 vya akriliki, yaani plastiki ngumu angavu. Miale ya jua hupenya, hupasha sakafu na watu, na joto linalorudi juu halipati njia ya kutoka kwa urahisi. Fuller alilijua hilo, akaweka mapazia ya pembetatu yanayofunguka na kujifunga kwa mota, yakiongozwa na kompyuta kufuata mwendo wa jua. Kwa wazo, ni ngozi inayohisi. Kwa utendaji, mfumo ulikuwa mgumu kuliko teknolojia iliyokuwepo. Mota zilikwama na mapazia mengi yakabaki yalivyo. Ninapoona leo majengo ya vioo yakiota katika miji yetu ya joto yakitegemea viyoyozi tangu asubuhi, naona kosa lilelile, bila ujasiri wa Fuller.

Tarehe 20 Mei 1976, mafundi wakiwa katika matengenezo, cheche za kuchomelea ziliwasha akriliki. Ngozi yote iliteketea kwa muda mfupi. Chuma kilibaki. Wengi hushangaa, lakini maelezo yapo: chuma hupoteza karibu nusu ya nguvu zake kikifika nyuzi 600 hivi, na kufika huko kunahitaji moto unaodumu. Akriliki nyembamba iliisha haraka na joto lake likapaa angani. Tangu 1995 kiunzi hicho cha chuma ni makumbusho ya mazingira, mvua na theluji vikipita kati ya mabomba.

Banda ambalo vitabu vya usanifu hulipitia kwa mstari mmoja ni Africa Place, katika kisiwa cha Notre-Dame. Humo zilikuwemo Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Kongo ya Kinshasa, Ghana, Nigeria, Senegal na nyingine, nyingi zikiwa na uhuru wa miaka michache tu. Ethiopia ilikuwa na banda lake yenyewe. Hizi ziliwekwa pamoja katika jengo moja lililosanifiwa na John Andrews, Mwaustralia aliyekuwa akifanya kazi Toronto. Sipendi kwamba nchi zote hizo zilipewa sura moja iliyochorwa na mgeni, wakati mataifa mengi ya Ulaya yalijisemea yenyewe. Hilo nalisema wazi.

Lakini tukirudi paani, Andrews alifikiri vizuri sana. Alivunja jengo kuwa vyumba vidogo vyeupe vilivyoshikana, akaviinulia paa zilizopanda ili hewa moto ipae na kutoka yenyewe, hewa baridi ikivutwa kuingia chini. Joto la kiangazi cha Montreal, lililoishinda kompyuta kule kwenye kuba, hapa liliachiwa njia ya kutokea.

Wanafunzi wangu wa usanifu na uhandisi wakitaka kulileta wazo hilo nyumbani, huwaonya wasilinakili kama lilivyo. Mvuto wa hewa kupanda unategemea mambo mawili: kimo kati ya tundu la chini na la juu, na tofauti ya joto kati ya ndani na nje. Pwani yetu tofauti hiyo ni ndogo, mara nyingi nyuzi mbili tatu, kwa hiyo paa la urefu wa kawaida litavuta hewa kidogo sana. Kwetu mvutaji mkuu ni upepo. Tundu la juu lielekee upande ambao upepo unakwenda, si unakotokea, ili hewa inayopita juu ya paa iinyonye ile ya ndani, na kwa kuwa kaskazi na kusi hubadilishana msimu, liwe na milango pande zote mbili inayoweza kufungwa kwa mkono.