Leseni ya majimbo mengi: maana yake kwa muuguzi mzoefu anayehama

Muuguzi wa Tanzania akihamishwa kutoka Songea kwenda Bukoba, atahangaika na mizigo, nyumba ya kupanga na shule ya watoto. Leseni haimsumbui. Baraza la Uuguzi na Ukunga limemsajili kwa nchi nzima, basi. Kenya ni vivyo hivyo: tangu ugatuzi wa 2013 mwajiri wako anaweza kuwa kaunti, lakini anayekusajili ni Baraza la Uuguzi la Kenya, uwe Lamu au Turkana.

Ndiyo maana wengi wetu tunaofanya kazi Marekani hushtuka siku ya kwanza tunapotaka kuhama jimbo. Una miaka 12 ya ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, umefundisha wageni kazini, madaktari wanakuuliza wewe kwanza, halafu unaambiwa huruhusiwi kumpa mgonjwa hata paracetamol upande wa pili wa mpaka. Si dharau. Ni jinsi nchi ile ilivyojengwa. Usimamizi wa taaluma uko mikononi mwa majimbo, si serikali ya Washington. North Carolina ilikuwa ya kwanza kutunga sheria ya kusajili wauguzi, mwaka 1903, na New Jersey, New York na Virginia zikafuata mwaka huohuo. Kila jimbo likawa na bodi yake, ada zake na masharti yake, na mpaka leo bodi ndiyo yenye neno la mwisho.

Kilichounganishwa ni mtihani. NCLEX, mtihani wa kupata leseni ya uuguzi, ni ule ule nchi nzima, na ukishaufaulu umeufaulu. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu kila mwaka nasikia mtu mzima, muuguzi hodari, ameahirisha kuhama kwa kuogopa kurudia mtihani. Hurudii. Anayehama na leseni hai hupitia njia inayoitwa endosimenti: bodi mpya inaichukua leseni uliyo nayo kama ushahidi kwamba umeshapimwa, inakagua rekodi zako, kisha inakupa leseni yake. Hukaguliwi ujuzi. Unakaguliwa karatasi.

Sasa kuna njia ya pili, na ndiyo inayochanganya watu: leseni ya majimbo mengi. Inatokana na Mkataba wa Leseni za Uuguzi, maarufu kwa kifupi chake NLC, ulioanza kutumika mwaka 2000 kwa majimbo machache na kufanyiwa marekebisho makubwa yaliyoanza kazi Januari 2018. Leo zaidi ya majimbo 40 yamo. Ukiwa na leseni hiyo, unafanya kazi katika jimbo lolote la mkataba kama uko kwenu, bila kuomba leseni nyingine. Texas imo, Florida imo, Ohio imo, Washington imo. California haimo. New York haimo, Oregon haimo, wala Minnesota, ambako Wakenya wengi wamejenga maisha.

Neno la kushika hapa ni *makazi*. Leseni ya majimbo mengi haitolewi kwa sababu ya unakofanya kazi. Inatolewa na jimbo unakoishi kisheria, yaani jimbo lililoandikwa kwenye leseni yako ya udereva, unakojiandikisha kupiga kura kama wewe ni raia, na unakoandika kuwa ni kwako unapojaza kodi ya serikali kuu. Jimbo hilo ni moja tu, na leseni ya aina hiyo unaruhusiwa kuwa nayo moja tu. Anayeishi Minneapolis anaweza kuomba leseni ya Texas na akaipata, lakini itakuwa ya Texas peke yake. Hata akiwa na wodi nzima ya sifa, haitageuka kuwa ya majimbo mengi mpaka ahamie jimbo la mkataba.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni miji miwili pacha, Duluth na Superior. Imetenganishwa na ghuba na daraja. Superior iko Wisconsin, jimbo la mkataba. Duluth iko Minnesota. Muuguzi anayeishi Superior mwenye leseni ya majimbo mengi anaweza kupanda ndege akaanza kazi Florida wiki ijayo, lakini kuvuka daraja hadi hospitali anayoiona ng'ambo ya maji hawezi, mpaka bodi ya Minnesota imkubali. Ukielewa kisa cha daraja hilo, umeelewa mkataba mzima.

Kwa hiyo kuhama kuna sura tatu. Ukitoka jimbo la mkataba kwenda jingine la mkataba, tuseme Texas kwenda Ohio, unaweza kuanza kazi kwa leseni uliyo nayo, lakini ukishahamisha makazi unatakiwa kuomba leseni ya jimbo jipya ndani ya siku 60. Kanuni hiyo ilianza Januari 2, 2024. Unaendelea kufanya kazi kwa ile ya zamani wakati maombi yakishughulikiwa, na mpya ikitoka, ya zamani inazimwa. Ukitoka nje ya mkataba ukaingia ndani, Minnesota kwenda Texas, unapita endosimenti, na ukionyesha kwamba sasa makazi yako ni Texas na kutimiza masharti ya mkataba, unapewa leseni ya majimbo mengi.

Sura ya tatu ndiyo inayoumiza. Ukitoka ndani ukaenda nje, Texas kwenda California, leseni yako ya majimbo mengi inapungua siku unapohamisha makazi. Inabaki kuwa ya Texas tu. Wengi hawalijui hili. Wanahamisha familia, wanabadili leseni ya udereva, na bado wanakubali kazi ya muda Arizona wakidhani karatasi yao ina nguvu ileile. Kufanya kazi hivyo ni kufanya kazi bila leseni, hata kama nia ilikuwa njema.

Na watu wanaihamia California kwa sababu nzuri. Tangu 2004 sheria yake imeweka kikomo cha wagonjwa kwa kila muuguzi: ICU wawili, wodi ya kawaida ya wagonjwa wa ndani na upasuaji watano tangu 2005. Aliyewahi kuachiwa wagonjwa wanane usiku mmoja anajua thamani ya namba hizo kuliko nyongeza ya mshahara. Ila anayetaka kwenda huko aombe leseni mapema, kabla ya kufunga masanduku.

Niseme kuhusu karatasi zenyewe, maana hapo ndipo muda unapotelea. Uthibitisho wa leseni kwa kawaida hupita kwenye Nursys, mfumo wa mtandaoni wa leseni za wauguzi, dola 30 kwa kila aina ya leseni kwa kila bodi unayoipelekea. Bodi nyingi hutaka pia uthibitisho kutoka jimbo la kwanza kabisa, lile lililokupa leseni ulipofaulu NCLEX. Kwetu sisi tuliosoma nje jambo hili lina uzito, kwa kuwa wengi tuliomba mtihani kupitia jimbo lililokubali vyeti vyetu kwa urahisi wakati ule, hata kama hatukuwahi kuishi huko. Leseni ile ililala, anwani iliyo kwenye kumbukumbu ni ya nyumba uliyoihama zamani, na leo ndiyo inayoulizwa. Baadhi ya majimbo yatataka tena tathmini ya vyeti vya nje, iliyokuwa ikijulikana kama ya CGFNS, shirika ambalo sasa linaitwa TruMerit. Ikidaiwa upya, chuo chako cha nyumbani kitatakiwa kutuma nakala za masomo, na pengine baraza la uuguzi la nyumbani litume uthibitisho wake. Anza na hilo. Mengine yote yanakwenda haraka kuliko bahasha kutoka chuoni.

Kisha yapo ya jimbo lenyewe. Texas ina mtihani wake wa sheria za uuguzi, unaoufanya kwenye kompyuta. Haupimi tiba, unapima kama unajua wajibu wako mbele ya bodi. New York inataka kozi ya kuzuia maambukizi na nyingine ya kutambua na kuripoti ukatili dhidi ya watoto.

Na alama za vidole. Nilipohama mara ya kwanza, mhudumu alinishika kidole gumba, akakibonyeza kwenye kioo, akatazama skrini, akafuta kioo, akakibonyeza tena. Vidole kumi, na vinne havikusomeka. Akaniuliza, "Wewe ni nesi?" Miaka ya kunawa mikono mara hamsini kwa shifti, na dawa ya spiriti kila unapoingia na kutoka chumbani, ilikuwa imeilainisha ngozi mpaka mistari imefifia. Nilirudishwa nyumbani na ushauri wa kupaka mafuta mikono usiku na mchana kwa wiki nzima kisha nirudi. Nilipoteza wiki tatu. Nawaambia wote wanaohama: anza kupaka mafuta siku unayoanza kujaza fomu, na piga alama kwenye mashine, si kwa wino kwenye kadi, kama jimbo linaruhusu.

Majimbo kadhaa hutoa kibali cha muda huku ukisubiri leseni kamili. Kiulizie, kwa sababu si kila bodi itakukumbusha. Usiandike barua ya kuacha kazi mpaka uione leseni mpya kwenye Nursys kwa macho yako. Utafutaji wa jina hapo ni bure, na ndicho ambacho mwajiri atatazama pia.

Vyeti vya BLS na ACLS, yaani vya kuokoa mgonjwa moyo unaposimama, vinakwenda nawe popote, vivyo hivyo CCRN kwa waliosomea wagonjwa mahututi, kwa kuwa hutolewa na mashirika ya kitaifa, si majimbo. Miaka yako ya kazi nayo ni yako, lakini hospitali haiihesabu yenyewe: dai iandikwe kwenye ngazi ya mshahara kabla hujasaini, na beba barua za waajiri wa zamani. Penye chama cha wafanyakazi, jua kwamba ukongwe wako wa kuchagua zamu na likizo unaanza upya.

Jambo moja zaidi, linalogusa wanaofanya kazi kwa simu. Makazi yako yanaamua aina ya leseni, lakini sheria inayokubana ni ya mahali alipo mgonjwa. Ukiwa umekaa chumbani kwako Houston ukimshauri mgonjwa aliye Portland, Oregon, umefanya uuguzi Oregon, na utahitaji leseni ya Oregon.

Wenzetu wa CNA, yaani wasaidizi wa wauguzi wenye cheti, ambao ndio mlango walioingilia wengi wa familia zetu, mkataba huu hauwahusu. Wao wako kwenye rejista ya kila jimbo, nao huomba jimbo jipya liwapokee. Sheria ya nchi inataka mafunzo yasiyopungua saa 75, lakini California inataka saa 160, hivyo aliyesomea kwingine aulize kabla ya kuhama. Na asikae miezi 24 mfululizo bila kufanya kazi hiyo ya kulipwa, kwani akifika hapo atarudi darasani au kwenye mtihani, hata kama amewaogesha na kuwalisha wazee kwa miaka 15.